Shiraz si ya Washirazi, wala haiongezi damu

Kwenye harusi za Kahama na Geita siku hizi, meza ya wakwe haikosi chupa ya divai nyekundu, na nyingi zimeandikwa Shiraz au Syrah. Chupa zimekuja na maneno yake. Hapa ni nchi ya dhahabu, na mchimbaji wa Nyarugusu halithamini jiwe kwa sababu tu linang'aa: hulipitisha kwenye karasha, akaliosha, akatazama kilichobaki kwenye karai. Maneno haya nayo yapite huko huko.

"Shiraz ni zabibu ya Uajemi, ilikotoka asili ya Washirazi wetu." Dai hili linavutia, kwa kuwa mji wa Shiraz upo kweli, ulisifika zamani kwa divai, na masimulizi ya Kilwa yanamtaja mwanzilishi wa utawala wake, Ali bin Hasan, kuwa mtu wa huko. Lakini kufanana jina si kuwa ukoo mmoja. Mwaka 1998 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, na wenzao wa Montpellier, Ufaransa, walipima vinasaba vya mzabibu huu wakawapata wazazi wake: baba ni Dureza, mama ni Mondeuse Blanche, wote wa kusini-mashariki mwa Ufaransa. Mama huyo, ajabu, huzaa zabibu nyeupe. Mwaka 2006 utafiti mwingine ukaonyesha kwamba Dureza na Teroldego ya kaskazini mwa Italia ni ndugu wa baba mmoja na mama mmoja. Kwa hesabu yetu ya ukoo, Teroldego ni baba mdogo wa Syrah, au baba mkubwa. Ukoo huo unazunguka milima ya Alps, mbali kabisa na Uajemi.

"Basi Syrah na Shiraz ni aina mbili." Ni mzabibu mmoja. James Busby alipeleka vipandikizi Australia miaka ya 1830, na jina la Shiraz likashika huko.

"Ikikausha mdomo imeharibika." Huo ni ukakasi, ule ule wa pera bichi au chai iliyochemshwa mno. Unatokana na tanini za ganda na mbegu, na Syrah imejaliwa nazo. Divai iliyoharibika mara nyingi hunuka siki. Wengi wetu tulianza na dompo, ile divai tamu, tukadhani utamu ndio uzuri; utamu ule ni sukari.

"Wametia rangi na pilipili." Ponda zabibu nyeusi uone: maji yake hayana rangi ya maana. Weusi umo kwenye ganda, ndiyo maana maganda huachwa ndani wakati wa kuchachuka. Na harufu ya pilipili manga si ya kutiliwa. Mwaka 2008 watafiti wa Australia walitangaza kwamba inatokana na rotundoni, kemikali ile ile inayoipa pilipili manga harufu yake.

"Ya Dodoma si divai ya kweli." Dodoma hulima zabibu za divai, Syrah ikiwemo, na kwa kuwa hakuna majira ya baridi ya kuulaza mzabibu, mkulima hupogoa na kuvuna mara mbili kwa mwaka. Anayeisema vibaya aionje kwanza bila kutazama nembo.

Limebaki dai linaloniumiza. "Divai nyekundu inaongeza damu." Nimeona mama aliyetoka kujifungua akiletewa chupa kwa nia njema kabisa, kana kwamba wekundu wa glasi utahamia mwilini. Hauhami. Glasi moja ina madini ya chuma yasiyofika hata miligramu 1, wakati mjamzito anahitaji kama 27 kwa siku. Tanini zenyewe huzuia tumbo kufyonza chuma cha kwenye mboga na maharage, kama ifanyavyo chai. Kwa mjamzito ni hatari zaidi: Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha pombe kilicho salama kwake, kwa kuwa humfikia mtoto tumboni.

Ewe shangazi, ewe mume, ewe mama mkwe unayejiandaa kwenda kumwona mzazi Kahama, Geita au Shinyanga mjini: iache chupa dukani. Mpelekee dagaa, nyama, maharage na mchicha, na umsindikize kliniki akapimwe damu na kupewa vidonge vyake.