MADAWATI YA BENKI NA FEDHA YA MERU

Mara kwa mara twaona magazetini picha ya namna moja. Bwana wa benki amevaa suti, kando yake amesimama mkuu wa wilaya, mbele yao yamepangwa madawati mapya, na nyuma wapo watoto wa shule juani wakipiga makofi. Siku nyingine si madawati bali ni mabati, au vitanda vya hospitali, au hundi ya mfano ndefu kama mlango wa ghala. (Hatujapata kusikia hundi hiyo huingia katika dirisha gani la benki.) Chini ya picha huandikwa kwamba benki imerudisha fadhila kwa jamii.

Sisi hatulicheki jambo hili wala hatulibezi. Mtoto aliyekuwa akiandika juu ya goti lake hana haja ya kumwuliza aliyempa dawati sababu ya kumpa. Nasi tukiwa na mgonjwa katika hospitali ya Nkoaranga, hatutazuia alazwe mpaka tujue kitanda kimenunuliwa na nani. Kuna mabenki yanayofanya kazi hii kwa utaratibu, si kwa kubahatisha. NMB imejiwekea kanuni ya kutoa asilimia moja ya faida yake ya kila mwaka, baada ya kulipa kodi, kwa ajili ya shule, zahanati na watu waliopatwa na maafa. CRDB nayo ina utaratibu wake, na tangu mwaka 2020 imeandaa mbio za marathoni ambazo fedha zake zimelipia matibabu ya watoto wenye maradhi ya moyo katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Mzazi ambaye mtoto wake amepona hana sababu ya kununa, wala sisi hatunayo.

Lakini neno "kurudisha" limetushika. Mtu hurudisha kitu alichokichukua kwa mwingine. Kama ni hivyo, yafaa tuulize: kilichochukuliwa Meru ni kiasi gani, na kilichorudi ni kiasi gani?

Tutazame hesabu. Mwaka 2023 NMB ilipata faida iliyozidi Sh. bilioni 500 baada ya kodi. Asilimia moja ya fedha hiyo ni zaidi ya bilioni tano. Ni fedha nyingi, tena hutawanywa nchi nzima, kutoka Kagera mpaka Mtwara. Katika kila shilingi mia ya faida, shilingi moja yapigwa picha. Zile tisini na tisa hazina picha, nazo ni za wenye hisa na za kukuza mtaji. Hatusemi ni haramu. Serikali yetu yenyewe ina karibu theluthi moja ya hisa katika benki ile, na gawio lake huingia Hazina. Twasema tu kwamba mwenye macho asiitazame shilingi moja mpaka akasahau kuuliza habari za ile mia ilivyopatikana.

Ilipatikanaje? Nenda soko la Tengeru siku ya Jumatano au Jumamosi. Mama ameteremka na mikungu ya ndizi tangu alfajiri, ameuza, jioni anaweka akiba yake kwa wakala wa benki aliye kando ya barabara. Mwalimu wa Nkoaranga mshahara wake hupitia benki. Chama cha msingi cha kahawa hupitisha malipo ya wakulima benki. Fedha hizi zote, ndogo ndogo, hukusanyika zikawa mto, na mto huo hauteremki kwa hiari yake; hufuata mfereji uliochimbwa. Benki huikopesha Serikali kwa kununua hati fungani, humkopesha mfanya biashara mwenye jengo mjini, humkopesha mwajiriwa ambaye mshahara wake hukatwa kabla hajauona. Huko ndiko faida iliko, na huko ndiko hatari ni ndogo.

Sasa mkulima wa Nkoaranga aende kwenye dirisha lile lile. Ataulizwa dhamana. Dhamana yake ni kihamba: kahawa chini ya migomba, ng'ombe wawili zizini, na makaburi ya babu zake pembeni. Kihamba hiki amerithi, majirani wote wanajua mpaka wake ni ule mti wa isale, lakini karatasi hana. Au akiwa nayo, ni hati ya kimila, na maofisa wengi wa mikopo huigeuza-geuza mkononi kama noti wanayoitilia shaka. Mama aliyeuza ndizi hali yake ni ngumu zaidi, maana kihamba chaandikwa jina la mume au la shemeji, ijapokuwa jembe analishika yeye. Basi mkulima hurudi nyumbani. Ada ya shule yangoja, mbolea yangoja, na mnunuzi mwenye pesa mfukoni yupo tayari kuinunua kahawa ikingali mtini kwa bei ya kumwonea. Wenzetu wa Kagera wana jina la biashara hiyo, huiita butura. Huku kwetu jina haina, lakini twaijua sura yake.

Tukubali kwamba mambo yamesogea. Mwaka 2021 Benki Kuu ilitenga Sh. trilioni moja ili mabenki yakope kwa riba ya asilimia tatu, kwa sharti kwamba yatakopesha kwa riba isiyozidi asilimia kumi. NMB na CRDB zikateremsha riba ya kilimo mpaka asilimia tisa, wakati ambapo zamani mkulima alizoea kusikia riba ya karibu mara mbili yake. Jambo hili moja, likimfikia mwenye kihamba kweli kweli, lina thamani kuliko madawati ya wilaya nzima. Mzazi mwenye mkopo wa haki atanunua dawati mwenyewe, tena hatalazimika kupiga makofi juani.

Wazee wetu walikwisha kuliona jambo hili kabla yetu. Zamani za mkoloni mabenki makubwa ya nchi hii yalikuwa ya wageni, kama Barclays, Standard, na National and Grindlays. Akiba ya Mwafrika iliingia dirishani Arusha, na uamuzi wa kuitumia ulifanywa London. Tarehe 6 Februari 1967, siku moja baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba mabenki yawe mali ya taifa, ndipo ikazaliwa Benki ya Taifa ya Biashara. Benki ile ilifika mpaka wilaya ambazo mgeni hakuona faida kufika. Nayo ilikuwa na makosa yake: ilizikopesha kampuni za umma zilizoshindwa kulipa, ikaelemewa. Mwaka 1997 ikagawanywa, NMB ikatokea humo. NBC yenyewe ikauzwa kwa ABSA ya Afrika Kusini mwaka 2000, na mwaka 2005 asilimia 49 ya NMB ikauzwa kwa wawekezaji walioongozwa na Rabobank ya Uholanzi. Historia hii tumeieleza kwa haraka, lakini kijana wa chama yampasa aijue, ili asidhani kwamba benki iliumbwa pamoja na mlima.

Tufike sasa kwenye kidonda chetu wenyewe. Watu wa Meru walipata kuwa na benki yenye jina lao, Meru Community Bank, benki ya jamii. Wazo lilikuwa zuri kupita mengi: akiba ya mlima ikae mlimani, na anayekopesha awe anamjua anayekopa na baba yake. Tarehe 4 Januari 2018 Benki Kuu ikaifutia leseni kwa kukosa mtaji unaotakiwa na sheria, pamoja na benki nyingine nne: Covenant ya wanawake, Efatha, Benki ya Jamii ya Njombe, na Benki ya Wakulima ya Kagera. Ikakabidhiwa kwa Bodi ya Bima ya Amana iifilisi. Siku zile bima ilimlinda mwenye akiba mpaka Sh. 1,500,000 tu. Aliyekuwa na zaidi ya hapo aliambiwa angoje mali ya benki iuzwe na madeni yakusanywe. Na mwenye hisa katika benki iliyofilisiwa husimama mwisho kabisa wa mstari, ambako mara nyingi sufuria huwa limekwisha. Kiwango cha bima kimepandishwa baadaye kuwa Sh. 7,500,000, nasi twashukuru, ila mvua hiyo ilinyesha baada ya mavuno kukauka.

Siku benki ile ilipofungwa hapakuwa na picha ya madawati. Hapakuwa na benki kubwa iliyojitokeza kusema, "Sisi tuliopata faida mwaka huu tutaweka mtaji kidogo katika benki ya wanyonge hawa, nao watatulipa polepole." Fadhila ya namna hiyo haikuwamo katika ile asilimia moja.

Wala tusiseme haiwezekani. Siku ile ile ya Januari 2018, Benki Kuu iliyapa mabenki matatu miezi sita ya kujiokoa, na mojawapo lilikuwa la jirani zetu, Benki ya Ushirika ya Kilimanjaro. Ile ilikuwa hoi kama ya kwetu. Haikufa. Vyama vya ushirika vilijikusanya, CRDB ikaingia kuwa mbia, na Aprili 2025 ikazinduliwa Dodoma kuwa Benki ya Ushirika ya nchi nzima. Mwanga nao, benki yao ya jamii iliungana na wenzake mwaka 2020 ikawa Mwanga Hakika. Mlima ni jirani, kahawa ni ile ile, migomba ni ile ile. Kwa nini upande mmoja umesimama na wa pili umelala? Sisi twaona kwamba mtaji uliookoa wale ulitoka kwa watu na vyama vilivyokubali kuungana, na kwa benki kubwa iliyoona faida katika kuwa mbia badala ya kuwa mfadhili.

Wapo watakaosema Wameru ni wagumu wa kuchanga. Huyo hajui habari zetu. Mwaka 1951 serikali ya mkoloni ilipowafukuza watu Engare Nanyuki, nyumba zikachomwa na mifugo ikaswagwa, hapakuwa na benki iliyotoa hata senti kwa ajili ya haki yao. Wakulima na wafugaji walichanga wenyewe. Kwa michango hiyo Kirilo Japhet alifika New York mwaka 1952 akasimama mbele ya Umoja wa Mataifa, Mwafrika wa Tanganyika akieleza dhuluma kwa kinywa chake. Hata mifereji ya maji inayopita vihambani haikuletwa na mfadhili; ilichimbwa kwa mikono ya ukoo na ukoo, na anayekosa zamu ya kuisafisha alijua atatozwa. Watu wa namna hii hawashindwi kumiliki hisa. Wanashindwa wanapoona waliokabidhiwa hesabu hawasomi hesabu hadharani.

Basi twasema hivi. Benki inayotaka kutoa msaada Nkoaranga, au mahali popote Meru, ije kwanza mkutano mkuu wa kijiji iulize haja ni nini, wala isilete madawati mahali ambapo shida ni choo. Na siku ya kukabidhi, kabla ya hotuba, meneja asome tarakimu mbili: mwaka huu tumepokea akiba kiasi gani katika wilaya hii, na tumewakopesha wakulima wa wilaya hii kiasi gani. Si siri ya mteja hiyo, ni jumla tu. Kama tarakimu ya pili ni nene, tutapiga makofi sisi wenyewe na watoto wabaki darasani. Kama ni nyembamba, madawati tutayapokea kwa asante, na swali litabaki mezani.

Upande wetu nao usilale. Mwanachama aliye katika SACCOS ahudhurie mkutano wa mwaka, adai taarifa ya mkaguzi isomwe kwa Kiswahili kinachoeleweka, asikubali kuambiwa muda umekwisha na chakula kinapoa. Chama cha msingi chenye uwezo kiulize masharti ya hisa katika Benki ya Ushirika, maana sehemu kubwa ya hisa zake iko mikononi mwa vyama kama hivyo. Na wazee wa koo wakubali majina ya akina mama yaandikwe katika hati za kimila, kwani mkopeshaji hataiheshimu karatasi ambayo sisi wenyewe tumeiandika nusu.

Madiwani wetu wa Halmashauri ya Meru wanakutana Usa River kila robo mwaka. Twawaomba walipeleke swali la zile tarakimu mbili katika kikao kijacho, kwa kila benki yenye tawi katika halmashauri, kwa barua na kwa tarehe ya kujibu. Majibu yakija tutayachapa katika ukurasa huu, benki moja moja kwa jina lake, na isiyojibu pia tutaitaja.