Rangi ya Chuma Isitudanganye

Wazazi kadhaa wametuuliza juu ya chuma cha mazoezi ambacho vijana wao wanataka kununuliwa. Huitwa ketobeli: ni tufe la chuma lenye mpini juu, mfano wa birika lisilo na mdomo. Asili yake ni Urusi, ambako zamani kilipimwa kwa pudi, kipimo cha kilo 16 na ushei. Ndiyo sababu hadi leo vyuma vya kilo 16, 24 na 32 vina heshima ya pekee.

Ziko aina mbili. Ile ya kawaida hukua kadiri uzito unavyoongezeka. Ile ya mashindano, iwe ya kilo 8 au 32, ina umbo na mpini wa kipimo kilekile. Nyepesi huachwa na uwazi ndani. Uzito hutambulika kwa rangi: 8 waridi, 12 buluu, 16 njano, 24 kijani, 32 nyekundu.

Maoni yetu ni kwamba anayetaka kujifunza kunyanyua chuma hadi juu ya kichwa kwa mkono mmoja achague aina ya mashindano. Chuma kikiwa juu hulala nyuma ya mkono, kati ya kifundo na kiwiko. Umbo likibadilika kila uzito unapoongezwa, mkono hulazimika kujifunza upya, na hapo ndipo michubuko na maumivu ya kifundo huanza. Tena katika nyumba moja mama mwenye kilo 8 na mwanawe mwenye kilo 16 wanaweza kurekebishana, kwa kuwa kila mmoja anashika umbo lilelile.

Lakini tuseme ukweli: aina hii ni ghali zaidi, na mpini wake ni mwembamba kwa upana, hautoshi vizuri mikono miwili mikubwa. Kwa mtu atakayebembeza tu kwa mikono miwili, ile ya kawaida yatosha. Fedha inayobaki ina kazi nyingine nyumbani.

Kabla ya kulipa, fanyeni haya. Pitisheni kidole chini ya mpini. Ukingo mkali utachana kiganja. Mpini uwe chuma kitupu, bila rangi ya kuteleza, wenye unene wa milimita 33 hadi 35. Tikiseni: mkisikia kitu kinacheza ndani, kiacheni. Kiwekeni sakafuni muone kama kinatulia.

Jambo linalotusumbua zaidi ni kiburi. Katika mashindano mtu hunyanyua kwa dakika 10 bila kuweka chini, na amejiandaa kwa miaka. Kijana akiona hayo hutaka nyekundu siku ya kwanza, naye huishia kuumia kiuno. Mwanamume mzima mwenye afya aanze na kilo 16 au chini yake, mwanamke na kilo 8, na wote wapate mtu wa kuwaelekeza. Mwenye shinikizo la damu, maradhi ya mgongo au ujauzito amwone daktari kwanza.

Wazazi, msinunue seti nzima. Nunueni kimoja kinachomfaa atakayekitumia, kikae sakafuni mbali na watoto wadogo. Akikitumia miezi mitatu bila kuchoka, ndipo mzungumze juu ya cha pili.