Shauku kwa Wanamuziki Wakongwe na Deni Linaloambatana Nayo

Sisi tukaao Nanyala na sehemu nyingine za Wilaya ya Mbozi tumezoea kuyaona malori marefu yatokayo mpakani Tunduma yakiwa yamebeba shaba ya Zambia kwenda bandari ya Dar es Salaam. Tumeyazoea kiasi kwamba hakuna tena ayageukiaye. Lakini katika miaka ya mwanzo ya 1970 shaba hiyo hiyo ilizaa jambo ambalo leo linasimuliwa hadi Ulaya na Marekani. Vijana wa miji ya machimbo, kama vile Kitwe na Ndola, ambako ujira wa migodini uliingia majumbani kila mwezi, walipata redio, santuri na magitaa ya umeme. Wakausikiliza muziki wa roki wa Waingereza na Wamarekani, wakauchanganya na midundo ya kwao, kisha wakaunda bendi zao wenyewe. Muziki huo siku hizi huitwa Zamrock.

Miongoni mwa bendi hizo iliyopata sifa kubwa zaidi iliitwa WITCH. Neno hilo kwa Kiingereza ni mchawi, lakini lisimtishe msomaji, kwani ni herufi za mwanzo za maneno yenye maana ya "tunakusudia kuzusha tafrani". Na tafrani waliizusha kweli kweli. Mwimbaji wao, Emanuel Chanda, alijulikana kwa jina la Jagari, kwa kufananishwa na Mick Jagger wa bendi ya Rolling Stones ya Uingereza. Maonyesho yao yaliweza kuanza jioni yakaendelea hadi baada ya usiku wa manane, na kumbi zikafurika hata ikabidi polisi waitwe kuwazuia watu. Mwaka 1975 walitoa albamu iitwayo Lazy Bones!!, ambayo mpaka leo wapenzi wa muziki huo huitaja kwa heshima.

Je, shauku hiyo yote iliishia wapi? Bei ya shaba duniani ilianguka katikati ya miaka ya 1970, na mfuko wa mchimbaji ukanywea. Vita vya ukombozi vya nchi jirani vilileta amri za kutotembea usiku, na bendi inayotegemea usiku itaishije pasipo usiku? Wanakili wa kaseti nao wakaanza kuuza jasho la wenzao bila kuwalipa hata senti. Hatimaye ukaja ugonjwa wa UKIMWI, ambao uliwafyeka wanamuziki wa Zambia kwa namna ya kuhuzunisha sana. Kabla karne mpya haijachukua sura, wenzake Jagari wa kundi lile mashuhuri walikuwa wamekwisha fariki dunia. Yeye mwenyewe alikuwa ameacha jukwaa, na kwa miaka mingi akajitafutia riziki kwa kuchimba mawe ya vito.

Kisha ikatokea ajabu. Watu wa mbali, waliozaliwa baada ya bendi ile kusambaratika, walizikuta santuri zake, wakazipenda, na zikachapwa upya. Mwaka 2017 Jagari alipanda tena jukwaani huko Ulaya, akiwa na Patrick Mwondela, mpiga kinanda aliyejiunga na bendi hiyo katika miaka yake ya mwisho, pamoja na vijana wa Kizungu ambao wangeweza kuwa wanawe. Ilitoka pia filamu juu ya maisha yake, na mwaka 2023 ikatoka albamu mpya iitwayo Zango, baada ya kimya cha takriban miaka 40. Vijana wa miji ya ng'ambo walijaa ukumbini, wakaruka na kushangilia kama walivyofanya baba zao kina Chanda katika kumbi za Kitwe.

Jambo hili linafurahisha, na hatuna sababu ya kulionea kijicho. Mzee aliyesahauliwa ameheshimiwa akiwa hai, naye ameyaona kwa macho yake. Lakini hapana budi tujiulize: wako wapi wale wengine? Makofi yale ya Ulaya yaliyapigia watu sita, na aliyekuwapo kuyasikia alikuwa mmoja. Mpiga ngoma hakuyasikia, wala wapiga magitaa hawakuyasikia. Shauku ya mashabiki haikufa katika miaka yote ile. Waliokufa ni watu. Shauku ikichelewa, hugeuka kuwa rambirambi, na rambirambi haimfai aliyelala kaburini.

Pengine msomaji atasema, hayo ni ya Zambia, nasi yanatuhusu nini? Basi na tuvuke mpaka turudi kwetu. Mwaka 1964 chama cha wafanyakazi cha NUTA kilianzisha bendi yake, NUTA Jazz. Kila chama hicho kilipobadilika, bendi nayo ikabadilishwa jina, ikawa JUWATA, kisha OTTU, na mwisho wake ikawa Msondo Ngoma. Mwaka 1978 baadhi ya wanamuziki wake walitoka, wakashiriki kuanzisha Mlimani Park, ambayo watu wote huijua kwa jina la Sikinde. Tangu hapo mashabiki wamegawanyika makundi mawili, na ushabiki wao haupungukiwi na ule wa Simba na Yanga. Zinapokutanishwa bendi hizo mbili katika sikukuu, utawaona wazee wenye mvi, mabibi waliojitanda khanga zao, na hata wajukuu waliorithi ushabiki huo nyumbani kama mtu arithivyo shamba. Nyimbo zenyewe wanazijua kwa moyo. Mwimbaji akinyamaza, ukumbi humalizia beti kwa niaba yake.

Mmoja wa waliozijenga bendi zote mbili alikuwa Muhidin Maalim Gurumo. Alikuwamo NUTA Jazz tangu mwanzo wake, akawa miongoni mwa waanzilishi wa Mlimani Park, na baadaye akarejea katika bendi yake ya zamani. Alistaafu mwaka 2013 baada ya zaidi ya miaka 50 ya kuwaimbia Watanzania, na ikajulikana hadharani kwamba nguli huyo hakuwa na hata gari la kumfikisha hospitali. Kijana wa muziki wa kizazi kipya, Diamond Platnumz, akamzawadia gari mwaka huo huo. Kitendo hicho kilikuwa chema na kijana yule alistahili kupongezwa. Hata hivyo, mwezi Aprili 2014 mzee Gurumo alifariki dunia. Alilitumia gari lile kwa miezi michache tu.

Tulitazame jambo hili kwa makini. Nusu karne ya kazi haikumpatia mtu chombo cha usafiri, na alipokipata, alikipata kwa hisani ya kijana mmoja, wala si kwa haki yake. Je, mashabiki walikuwa wapi? Walikuwapo! Walicheza harusini kwa nyimbo zake, wakasafiri katika mabasi yaliyopigwa nyimbo zake, wakanywa chai katika mikahawa iliyovuta wateja kwa nyimbo zake. Nyingi ya nyimbo za enzi hiyo zilirekodiwa Redio Tanzania Dar es Salaam, na kutoka hapo nakala zake zikaenea mitaani kwa kaseti, zikauzwa na watu ambao hawakuwa na uhusiano wowote na waliozitunga. Mapenzi yalikuwa tele, lakini malipo hayakuonekana.

Hapo ndipo tunapoiona tofauti baina ya wanamuziki wetu na yule ambaye Jagari alifananishwa naye. Rolling Stones walianza mwaka 1962, na mwaka 2024 walikuwa bado wakizunguka miji ya Marekani na kujaza viwanja, hali Mick Jagger amekwisha kupita umri wa miaka 80. Hatusemi kwamba Waingereza wanaipenda bendi yao kuliko wazee wetu wanavyoipenda Msondo au Sikinde. Tofauti ni kwamba kwao shauku ya shabiki imetengenezewa mifereji. Anunuaye santuri, anunuaye tiketi, redio ipigayo wimbo, kila mmoja hutoa sehemu, na sehemu hiyo humfikia mwenye haki. Kwetu shauku imekuwa kama mvua inayonyesha juu ya mwamba: hunyesha kwa wingi, hung'arisha jiwe, kisha hutiririka bila kumnywesha mtu.

Wapo watakaotulaumu kwa kuandika haya. Watasema kwamba muziki wa dansi ni upuuzi, na kwamba wanaokesha kumbini wangefaa kulala wakaamke kwenda shambani. Sisi hatukukusudia kuusifu mkesha, wala ulevi na ugomvi unaoandamana nao mara nyingi. Mwenye kutumia karo ya mtoto kwa ajili ya kiingilio hana hoja ya kujitetea. Lakini hukumu juu ya starehe ni jambo moja, na haki ya mfanyakazi ni jambo jingine. Fundi aliyekujengea nyumba hulipwa ujira wake kabla jasho halijakauka, hata kama hukupendezwa na rangi ya dirisha. Vivyo hivyo, mtu akishakubali kuburudika kwa kazi ya mwenziwe, amekwisha kuingia katika deni lake. Na deni halifutwi kwa kushangilia.

Wapo pia watakaosema kwamba hilo ni jukumu la Serikali. Ni kweli kwamba Serikali ina sehemu yake. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ilitungwa mwaka 1999, na taasisi ya kuisimamia, yaani COSOTA, ikaundwa ili mirabaha ikusanywe na kugawiwa. Lakini sheria haikai langoni mwa ukumbi. Akaaye langoni ni mtu, naye ndiye mwenye kuamua kulipa au kupenya kwa mlango wa nyuma. Mwenye mkahawa ndiye anayejua kama amelipia leseni ya nyimbo apigazo kutwa nzima. Kijana mwenye kibanda cha kuwajazia watu nyimbo katika simu zao kwa shilingi mia mbili tatu ndiye anayejua ni kiasi gani cha fedha hizo kilichomrudia mtunzi. Ikiwa sisi wenyewe hatuna uaminifu katika mambo haya madogo, tutaidai vipi Serikali katika makubwa?

Basi, yatupasa tufanye nini hapa Nanyala, ambapo hakuna ukumbi mkubwa wala bendi kongwe zenye makao yake?

Kwanza, bendi za wazee zinapofika Tunduma au Mbeya, anayetaka kwenda na aende kwa kulipa kiingilio kamili, bila kutafuta jamaa wa mlangoni. Mzee mwenye umri wa miaka 70 aliyesafiri usiku kucha kwa basi kuja kutuimbia hakuja kutafuta sifa. Sifa anazo tangu zamani.

Pili, tuwaandike wazee wetu wangali hai. Katika vijiji vyetu wamo wanaojua nyimbo za Wanyiha na za Wanyamwanga, nyimbo za mavuno, za harusi na za misiba. Wamo pia waliowahi kupiga magitaa ujanani, na wanaokumbuka muziki uliosikika kutoka redio za Zambia enzi zile. Siku hizi karibu kila nyumba ina simu yenye kunasa sauti na picha. Kijana akikaa na babu yake jioni mbili tatu, akanasa nyimbo zake pamoja na maelezo ya nani alizitunga na lini, atakuwa amefanya kazi ambayo WITCH walilazimika kuingoja hadi wageni wa ng'ambo waje kuwafanyia. Na awe mwangalifu kulitaja jina la mtunzi, maana jina ndilo hati ya kwanza ya haki.

Tatu, tuache desturi ya kumchangia msanii kwa ukunjufu akiwa jeneza, hali tulimpa kisogo akiwa mgonjwa kitandani. Katika misiba yetu turubai hupatikana, magari hupatikana, hotuba ndefu hupatikana. Lau robo tu ya hayo ingetangulia mwaka mmoja, huenda msiba wenyewe ungechelewa.

Ndugu msomaji, mapenzi ya watu kwa muziki waliokua nao si jambo la kudharau. Mzee anaposimama ukumbini na kuuimba wimbo wa mwaka 1975 kutoka mwanzo hadi mwisho, anawakumbuka rafiki aliokwenda nao kazini, mke aliyemposa, na nchi ilivyokuwa ikimwahidi. Ndiyo maana machozi humtoka katikati ya furaha. Lakini yule aliyempa kumbukumbu hiyo naye ni binadamu, ana paa linalovuja, ana dawa za kununua na wajukuu wa kusomesha. Tusiridhike kuipenda sauti tukamsahau mwenye sauti.

Malori ya shaba yataendelea kupita. Nayo hupimwa kwenye mizani, huandikwa vitabuni, hutozwa ushuru mpakani, na kila kilo hujulikana ni ya nani. Ikiwa jiwe lililochimbwa ardhini linahesabiwa kwa uangalifu wote huo, jasho la mwanadamu lihesabiwe kwa uangalifu upi? Mwenyezi Mungu atujalie kuwa watu wenye kutimiza haki za wenzetu wakati wangali wakiweza kuzipokea kwa mikono yao wenyewe.