Mji Usio na Gazeti

Mwaka 2010 wataalamu wa mambo ya kale kutoka China na Kenya walichimba ardhi ya Mambrui, mji ulio kaskazini ya mto Sabaki, wakafukua sarafu moja ya shaba yenye tundu la mraba katikati. Ilikuwa imepigwa katika utawala wa mfalme Yongle, kati ya mwaka 1403 na 1424. Habari yake ilitangazwa London na Beijing, na watu ambao hawakupata kulisikia jina la Mambrui maishani mwao wakalitamka kwa ndimi nzito. Waliokaa juu ya ardhi ile, waliozoea tangu utoto kuiona nguzo ya kaburi la kale iliyopambwa kwa bakuli za Kichina, waliipata habari ya mji wao kwa maneno ya wageni. Mji haukuwa na karatasi yake ya kuieleza.

Wako watakaosema kwamba hilo si dhara kubwa. Sarafu ni sarafu, na aliyeitangaza hakuiiba. Nakubali. Lakini mazoea ya kuelezwa na wengine hayakuanza kwa sarafu, wala hayaishii kwa sarafu, na ninataka kuonyesha kwamba mwambao wetu umeyalipia mazoea hayo kwa bei ya ardhi na ya roho za watu.

Tazameni jambo la ardhi kwanza. Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ilitunga Sheria ya Hati za Ardhi, iliyowataka watu wa mwambao walete madai yao yapate kuandikwa. Ardhi isiyodaiwa ilihesabiwa kuwa mali ya Ufalme wa Uingereza. Matangazo ya serikali yalichapwa katika Gazeti Rasmi, lililoanzishwa mwaka 1899, na lugha yake ilikuwa Kiingereza. Mkulima wa Kigiriama aliyelima mahindi ng'ambo ya Sabaki angalijuaje kwamba siku zake za kudai zinahesabiwa? Hata Mswahili aliyesoma chuoni na kuandika barua zake kwa herufi za Kiarabu, na watu wa namna hiyo walikuwa wengi katika miji hii, hakuambiwa neno na karatasi ile. Hakimu husema kwamba kutojua sheria si udhuru. Kauli hiyo ni ya haki pale tu sheria ilipotangazwa kwa lugha ya mwenye kuhukumiwa. Ugomvi wa viwanja na mashamba ambao hata leo huwapeleka watu wa Malindi na Magarini mahakamani una mzizi wake mmoja katika ukimya wa miaka ile.

Mwaka 1914 Wagiriama waliamriwa waondoke ukingo wa kaskazini wa Sabaki, na vita vikazuka. Habari za vita hivyo, na za Mekatilili wa Menza aliyewaapisha watu wasiwatoe vijana wao kufanya kazi za Wazungu, zimehifadhiwa kwa sehemu kubwa katika barua na taarifa za maofisa waliompinga. Wazee walisimulia, na masimulizi yao yana thamani kuu. Hata hivyo mwandishi wa historia, apendapo asipendapo, huanzia penye karatasi yenye tarehe, na karatasi zote zenye tarehe zilikuwa mikononi mwa upande mmoja.

Hapa hunijia mtu na hoja anayoidhani kuwa ya mwisho. Husema: watu wa pwani ni watu wa mashairi na hadithi, magazeti si desturi yao. Sijui kama yuko msemaji aliyepata kuikosea pwani kuliko huyu. Mwaka 1930 Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alianzisha Mombasa gazeti dogo lililoitwa Sahifa. Aliliandika kwa Kiswahili katika herufi za Kiarabu, maana hizo ndizo walizozisoma watu wake. Hakuwabembeleza. Alikemea israfu zao, uzembe wao katika kutafuta elimu, na tabia ya kuiga mambo ya Wazungu bila kuchagua jema na baya. Mwaka 1932 akatoa jingine, Al-Islah, kwa Kiswahili na Kiarabu. Macho yake yalikuwa Misri, kwenye jarida la Al-Manar lililokuwa likitoka Cairo tangu mwaka 1898, lakini maneno aliyoyachapa yalihusu Mombasa, mitaa yake, watoto wake na deni zake.

Magazeti hayo hayakuishi muda mrefu. Mhariri wake aliingia katika ukadhi, na mwaka 1937 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya. Akafariki mwaka 1947. Mwenye kupenda kudharau atasema, basi, kazi ya miaka miwili mitatu ina faida gani? Makala za Sahifa zilikusanywa zikatolewa kuwa kitabu, Uwongozi, mwaka 1944, na mwaka 2017 zikachapwa tena Ulaya pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Karatasi iliyoandikwa kwa ajili ya mji mmoja inasomwa na wanavyuo wa dunia baada ya zaidi ya miaka 80. Ni wangapi kati ya matajiri wa Mombasa wa mwaka 1930 ambao maneno yao yanasomwa leo?

Liko funzo jingine katika historia ya Mombasa, nalo ni chungu kidogo. Mwaka 1902 Alibhai Mulla Jeevanjee alianzisha huko gazeti la kila wiki la Kiingereza, African Standard. Mwaka 1905 aliliuza, likabadili jina likawa East African Standard, na mwaka 1910 likahamia Nairobi, lilikokwenda reli, serikali na biashara. Silaumu, gazeti hufuata matangazo ya biashara kama ndege afuatavyo maji. Ila tangu lihame, pwani ilizidi kuwa mahali pa kutumiwa mwandishi kuliko mahali pa kutoka gazeti. Mwandishi atumwaye huja siku ya ajali, siku ya uchaguzi, na siku ya mtalii kufa. Siku ya mkutano wa kamati ya shule haji.

“Lakini mji wetu ni mdogo,” mtasema. Nendeni basi Kansas, katika Marekani, mkautazame mji wa Marion, ambao wakazi wake hawafiki 2,000. Una gazeti lake la kila wiki, Marion County Record, lililoanzishwa katika karne ya 19. Tarehe 11 Agosti 2023 polisi wa mji waliingia ofisini mwake na nyumbani kwa mhariri wake, wakachukua kompyuta na simu. Mama yake mhariri, aliyekuwa na umri wa miaka 98 na sehemu katika umiliki wa gazeti, alifariki siku ya pili yake. Wiki iliyofuata gazeti lilitoka siku yake ile ile. Mji ule si mkubwa kushinda Mambrui. Polisi hawakuingia mle kwa kuwa gazeti la mji mdogo ni kitu cha mchezo.

Hoja ya simu ndiyo ninayoisikia zaidi siku hizi, hasa kwenu vijana. Mnasema kila mtu ana simu, na kundi la WhatsApp la mtaa hupasha habari kabla muadhini hajamaliza adhana. Ni kweli kwamba habari huenda mbio. Lakini nani aliyeiandika? Ikiwa ni uongo, nani atakayeomba radhi, na wapi? Picha ya maiti husambazwa leo na kesho husemwa ilikuwa ya nchi nyingine. Simu ikitumbukia baharini, kumbukumbu ya mtaa huzama nayo. Gazeti lina jina la mhariri chini, lina tarehe juu, na aliyetukanwa ndani yake anajua mlango wa kubisha.

Mwezi wa Aprili 2023 makaburi yalianza kufukuliwa katika msitu wa Shakahola, katika kaunti hii hii ya Kilifi, na maiti waliopatikana walizidi 400, watoto wakiwa miongoni mwao. Kamati ya Seneti iliyochunguza jambo hilo ilionyesha kwamba maonyo yalitolewa mapema yakapuuzwa. Sisemi kwamba gazeti lingaliwaokoa wote. Asemaye hivyo huwafanyia wafu ubazazi. Nasema kwamba onyo lililosemwa kwa mdomo mbele ya meza ya ofisi hupuuzwa bila gharama yoyote, na onyo lililochapwa likauzwa sokoni wiki tatu mfululizo humlazimu mwenye meza ajibu, walau kwa kukanusha.

Wala wenye mamlaka hawakuwa vipofu juu ya nguvu hiyo. Mwaka 2002 Bunge la Kenya lilipandisha dhamana ya mchapishaji wa gazeti kutoka shilingi 10,000 hadi shilingi milioni 1. Kwa kampuni kubwa ya Nairobi, milioni moja ni gharama ya asubuhi moja. Kwa mwalimu wa Mambrui mwenye taipureta na marafiki wawili, ilikuwa ni amri ya kunyamaza iliyovikwa nguo ya hesabu. Waliotetea sheria ile walisema wanazuia magazeti ya matusi. Matusi yana sheria zake za kashfa tangu zamani. Kilichozuiwa hapa ni umaskini kusema.

Nakiri kwamba gazeti la mji mdogo lina maovu yake. Mhariri hukaa jirani na anayemwandika. Mwenye duka akimnyima tangazo, watoto wa mhariri hulala na njaa, na mwenye kiwanja aweza kununua ukurasa mzima wa sifa. Gazeti la namna hiyo laweza kuwa chombo cha fitina kuliko mkeka wa barazani. Dawa ni wanunuzi wengi wa senti chache, ili pasiwe na mtu mmoja awezaye kuliua kwa hasira yake.

Nyinyi mlio shuleni msiseme kwamba kazi hii yawangoja watu wazima. Gazeti la Msimulizi, lililochapwa Kiungani, Unguja, tangu mwaka 1888, lilijazwa kwa sehemu kubwa na habari za walimu na wanafunzi wa Kiafrika, waliokuwa na kalamu na wino na mengi ya kufanya.

Karatasi mbili zilizokunjwa zatosha kwa kuanzia. Andikeni bei ya samaki ufukoni Mambrui na bei yake sokoni Malindi, mvuvi apate kuona faida inaishia wapi. Andikeni jinsi Sabaki ulivyopanda wakati wa masika na mashamba ya nani yaliyozama. Andikeni waliofariki, kwa majina matatu. Kila kiwanja kinachotaka kuuzwa, na mipaka yake, kabla ya sahihi kutiwa. Na hesabu za kamati ya shule, iliyoketi na isiyoketi. Nakala moja ibaki katika kabati la shule, nyingine ipelekwe kwenye Hifadhi ya Nyaraka Nairobi, na zote mbili zitiwe tarehe.