GARI HALINA DENI, DENI LI MEZANI PETU

Bwana Mhariri,

Nakuomba nafasi katika gazeti letu nipate kuwajibu mabwana wenzangu waliosema, katika mkutano wa chama uliopita, ya kuwa mtu aliyeacha gari lake bila hati kwa miaka mingi asihurumiwe, bali afanywe mfano kwa wengine. Siku ile nilinyamaza, kwa kuwa waliosema ni wakubwa wangu kazini. Lakini kunyamaza kumenisumbua, maana jambo hili nalijua kwa pande zote mbili: mimi ni karani wa masjala, tena ni mwana wa mwenye gari la namna hiyo.

Marehemu baba alikuwa na Peugeot 404 ya pikapu. Wazee hawahitaji kuelezwa sifa za Peugeot 404, iliyoshinda mashindano ya Safari ya Afrika ya Mashariki mwaka 1963, na tena 1966, 1967 na 1968. Mwaka 2003 giaboksi ilikufa, baba akaliegesha gari chini ya mwembe, akasema atalitengeneza akipata nafasi. Nafasi hakuipata, alifariki mwaka 2009, na kuku wakafanya kiota katika kiti cha dereva. Mdogo wangu, aliyejifunza ufundi, ndiye aliyelifufua kwa akiba yake yote, apate kuwachukulia watu mazao yao hata sokoni. Leo injini yanguruma vizuri, wala gari halina ruhusa ya kuvuka lango la nyumba. Huu ni mwezi wa nane.

Kwanza na tuliondoe neno la deni, maana ndilo lililotajwa sana mkutanoni. Hapo zamani ada ya mwaka ya leseni ya gari ilihesabiwa, gari likienda au likilala. Kabla ya badiliko la mwaka 2017, gari lenye injini ya ukubwa wa kati ya 1501 na 2500 lilitozwa shilingi 200,000 kwa mwaka. Kwa kiwango hicho, miaka 10 ya kulala chini ya mwembe ni shilingi 2,000,000, na adhabu juu yake. Nauliza, ni barabara gani iliyochakazwa na kiota cha kuku? Na matunda ya jambo lile yalikuwa haya: aliyeshindwa kulipa mwaka wa kwanza aliuogopa wa pili, aliyeuogopa wa pili akaukimbia wa tatu, mpaka deni likaipita bei ya gari lenyewe. Ada ile haikumleta mtu ofisini, ilimfukuza.

Serikali yenyewe ililiona jambo hilo. Tarehe 8 Juni 2017 Waziri wa Fedha, Dkt. Philip Mpango, alipendekeza Bungeni Dodoma kwamba ada ya kila mwaka ifutwe, ilipwe mara moja tu gari linapoandikishwa, na madeni ya nyuma pamoja na adhabu zake yasamehewe. Bunge likakubali. Basi asemaye hata leo kwamba gari lililolala ladaiwa ada ya miaka yote ile, adai kitu ambacho mwenye kudai amekwisha kukisamehe. Karani hakupewa mamlaka ya kuwa mkali kuliko Bunge.

Wala nafuu ile haikuja bure. Ili kufidia ada iliyofutwa, ushuru wa petroli, dizeli na mafuta ya taa uliongezwa shilingi 40 kwa kila lita. Mafuta ya taa yalitiwa humo ili watu wasipate faida ya kuyachanganya na dizeli, na hoja hiyo ina maana. Lakini bibi wa kijijini mwenye kibatari, asiye na hata baiskeli, naye alitoa zile 40 zake ili wenye magari wapumzike. Nafuu iliyonunuliwa kwa kibatari cha bibi, sisi twaizuia dirishani kwa sababu hatukusoma waraka! Hili si jambo la kuchekea.

Sasa sikilizeni safari za mdogo wangu. Ofisi siitaji, maana zote ni ndugu. Dirisha la kwanza aliambiwa ana deni. Aliporudi na maelezo ya sheria, akaambiwa jalada halionekani. Mara ya tatu akaambiwa mwenye kadi aje mwenyewe na kitambulisho chake. Mwenye kadi yu makaburini tangu 2009! Ndipo akaambiwa alete hati ya msimamizi wa mirathi. Akaenda mahakamani, akangoja, akaipata. Hati hiyo ni haki kabisa kuitaka, lakini mbona haikusemwa siku ya kwanza? Alipoileta, akatakiwa namba ya mlipa kodi. Alipoileta hiyo, akaambiwa polisi walikague gari. Kila safari ni nauli, na kila safari ni siku moja ya kazi iliyopotea. Na kila alipotoka, alimkuta mlangoni kishoka yule yule, akimwita kwa jina la marehemu baba, akimwambia ya kuwa akitoa chai jambo hili ni la siku mbili tu. Nawauliza, wenzangu: kishoka alilijuaje jina lililoandikwa ndani ya jalada lisiloonekana? Kikulacho ki nguoni mwako.

Najua nitakavyojibiwa. Mtasema magari ya wizi ni mengi, na karani akilegea atamwandikia mwizi mali ya mtu. Ni kweli, nami sitaki ulegevu. Namba ya chesesi na namba ya injini zilinganishwe na kadi. Breki, taa na usukani vikaguliwe, kwa maana gari lililolala miaka mingi laweza kuua siku ya kwanza barabarani. Bima ya kuwalinda watu wengine ikatwe, kama sheria inavyotaka. Mirathi ithibitishwe, warithi wengine wasidhulumiwe. Haya yote ni ulinzi. Lakini kumtajia mtu sharti moja kila mwezi hakumzuii mwizi hata kidogo, kwa kuwa mwizi ndiye ampaye kishoka fedha upesi. Anayezuiwa ni yule asiye na fedha ya kutoa, au anayekataa kuitoa.

Wala sitawaficha wenye magari makosa yao. Twanunua gari na kuliendesha kwa kadi yenye jina la mtu mwingine. Twaficha kadi chini ya godoro mpaka panya waile. Mzee akifa twagawana vyombo, lakini mahakamani hatuendi. Baba yangu alikosa, nasi wanawe tulikosa baada yake. Adhabu ya kosa hilo iwe ile iliyoandikwa katika sheria, isiwe ya kubuniwa na karani.

Mwisho naungama. Mwaka jana mzee mmoja, aliyetumikia Serikali maisha yake yote, alikuja kwangu kuuliza jalada lake la kiinua mgongo. Nilikuwa na haraka ya kwenda kula, nikamwambia, Njoo kesho. Alikuja kesho, nikamwambia tena. Jalada lilikuwa nyuma ya kiti changu. Niliyakumbuka macho ya mzee yule siku mdogo wangu aliporudi nyumbani, akaketi ndani ya gari lisilokwenda, asiseme neno.

Basi naomba chama kitoe shauri katika mkutano ujao, mambo matatu tu. Kwanza, kila ofisi yetu ibandike mlangoni orodha nzima ya vitu vinavyotakiwa, kwa Kiswahili chepesi, pamoja na ada yake. Pili, kila karani anayemrudisha mtu amwandikie sababu katika karatasi, na kutia jina lake na tarehe. Tatu, mwanachama atakayeonekana ana shirika na vishoka aondolewe katika chama, kabla hajaondolewa kazini.

Ikiwa mtaona haya ni magumu, basi tusilaumu wananchi kwa kuacha magari yaoze. Wanaijua njia ya kuja ofisini kwetu, na ndiyo sababu hawaji.

Wasalaam,
Karani wa Masjala