Nyumba ya kuku kwanza, kuku nyuma

Ndugu mfanyakazi, mshahara umetoka, na bibi anakuambia: «Baba, mwezi huu tununue kuku.» Anasema kweli. Hapa Kilwa samaki wa ziwa Moero wapo, lakini yai la mtoto asubuhi ni jambo lingine, na kuku 10 nyuma ya nyumba ni akiba. Mimi ninasema: ndiyo, fuga. Lakini usiende sokoni kesho. Wengi wetu tunanunua kuku mchana, na jioni ndipo tunatafuta pa kuwalaza. Kwa njia hiyo hatari inaingia, na hatari ya kwanza ni ya watu.

Vifaranga wamefika katika kartoni. Ni mwezi wa 6, usiku ni baridi. Katika juma la kwanza kifaranga anataka joto la digri 32 mpaka 35, na nyumba yake haijajengwa. Basi kartoni inaingizwa chumbani, mbabula inawekwa pembeni, mlango na dirisha vinafungwa joto lisitoke, na watoto wanalala humo humo. Makala yanayowaka katika chumba kilichofungwa yanatoa hewa mbaya isiyoonekana, isiyo na harufu. Kichwa kinauma kidogo, usingizi unakuwa mzito, na mwenye kulala hapati nguvu ya kuamka. Wengine wanakuambia kwamba makala yakiisha kuwa mekundu bila moshi hayana ubaya. Ni uongo. Mbabula isilale katika chumba cha watu hata usiku mmoja.

Kwa hiyo wewe unayeanza, acha vifaranga vya kartoni. Nunua mitetea michache iliyokomaa na jogoo mmoja. Mtetea akiatamia siku 21, atawapa watoto wake joto yeye mwenyewe, na makala yako yatapika bukari.

Nyumba yao haitaki mali nyingi. Kwa kuku 10, mita 2 kwa mita 1 na nusu inatosha. Matofali, au miti na udongo. Juu nyasi au malata. Nafasi ya hewa karibu na paa, yenye waya. Fito ya kulalia. Mlango wenye kufuli, sababu ya nyoka, paka wa porini, na yule mnyama wa miguu miwili anayepita usiku. Imalize mbele ya mvua za mwezi wa 11.

Sasa neno juu ya vifaa, na hapa nitasema kwa ukali. Pipa lililoleta dawa za kiwandani, zile za kutenganisha shaba na mawe, au asidi, si chombo cha kunyweshea kuku. «Nimelisafisha vizuri kwa sabuni,» utasema. Sabuni haitoshi. Mifuko ya dawa hizo pia isifunike nyumba ya kuku wala isitiwe chakula. Kata dumu la mafuta ya kupikia, au nunua sahani ya udongo. Ni franka kidogo.

Tena fikiri juu ya udongo. Kuku anachakura na kumeza vumbi kutwa nzima. Kilicho katika udongo kinaingia mwilini mwake, kiisha katika sahani yako. Kule Kabwe, Zambia, mgodi wa risasi na zinki ulifungwa mwaka 1994. Lakini karibu miaka 20 baadaye, mwaka 2013, wataalamu waliandika kwamba kuku waliokuwa wakitembea ovyo karibu na mgodi ule walikuwa na risasi nyingi mwilini, hasa katika maini na figo. Hapa Katanga, uchunguzi uliotolewa mwaka 2009 ulikuta kobalti nyingi katika mkojo wa watu wanaokaa karibu na migodi na viwanda. Basi usichukue mchanga au mawe ya mgodi kusawazisha uwanja wa kuku. Usijenge kando ya barabara ya malori. Salopeti na boti za kazi zisiingie kwa kuku, na maji ya kufulia salopeti yasimwagwe wanapochakura. Ukitoka kwao, nawa mikono kwa sabuni. Mtoto naye vilevile.

Chakula si tatizo kubwa: makapi ya mahindi, majani, mabaki ya jikoni, na chisense kavu iliyosagwa kidogo.

Kuna ugonjwa wa Newcastle, unaomaliza kijiji kizima cha kuku kwa siku chache. Ukiisha kuingia, dawa ya kuponya hakuna; iko chanjo tu, nayo inapewa kuku wazima. Kwa hiyo muulize munganga wa nyama kabla ya kununua: chanjo inapatikana siku gani, inarudiwa lini, itakaa wapi katika baridi. Kama ni ya kutia katika maji ya kunywa, yasiwe maji yenye klori, maana yanaiua. Na kuku wa sokoni akae peke yake siku 14 kabla ya kuchanganywa na wengine. Tarehe za chanjo ziandikwe katika daftari ya mtoto anayejua kusoma, yeye hatasahau.