Ribosomu Nayo Huhesabu Mizani

Juma lililopita alinijia mjukuu wa jirani yangu hapa Mchafukoge, mwanafunzi wa kidato cha tano. Baada ya shikamoo na marahaba, alinikariria kwa Kiingereza, bila kukwama, jinsi seli inavyotengeneza protini. Nilipomwomba anieleze hayohayo kwa Kiswahili, alinyamaza. "Mwalimu, haya hayasemeki kwa Kiswahili."

Nasema yanasemeka. Maagizo ya protini yamehifadhiwa katika DNA, ndani ya kiini cha seli. Hunakiliwa kwenye RNA mjumbe, nayo hutoka nje ya kiini na kuifikia ribosomu. Ribosomu huisoma nakala hiyo herufi tatutatu, na kila kikundi hutaja asidi amino moja. RNA nyingine, ambayo mimi huiita mchukuzi, huileta asidi hiyo, kisha ribosomu huiunga kwenye mnyororo unaorefuka. Wanasayansi wenyewe huiita kazi hiyo tafsiri: lugha ya herufi 4 hufasiriwa kuwa lugha ya asidi amino 20.

Hapa mshairi ana la kumfunza mwanafunzi. Usomaji huanzia penye AUG na kukomea penye UAA, UAG au UGA. Katikati hamna nafasi wala mkato. Ikidondoka herufi moja, vikundi vyote vinavyofuata huvurugika. Sisi tukipoteza mizani moja, mshororo huchechemea, lakini unaofuata huanza upya. Ribosomu haina pa kuanzia upya.

Kijana alitafakari, kisha akauliza: "Je, zikidondoka herufi tatu za kikundi kimoja?" Nikamjibu kuwa usomaji huendelea sawasawa, ila asidi amino moja hukosekana. Swali hilo halikuwamo katika aliyoyakariri. Lilizaliwa pale alipoelewa.

Wako watakaosema kwamba "ribosomu" si neno letu. Nawaelekeza hapo jirani: Kariakoo ilikuwa "Carrier Corps", kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Kiswahili kimelimeza jina hilo, na leo ni letu. Tena TUKI ilichapisha kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia tangu mwaka 1990. Hatukukosa istilahi, tulikosa kuzitumia darasani.

Nakiri kuwa nami nilifundisha miaka mingi nikiwasifu waliokariri. Laiti ningewauliza kwa Kiswahili, ningejua mapema ni wangapi walionyamaza.